Mbegu, mwenye mbwa, au mbwa mwenyewe? Uchambuzi wa kisa cha mbwa wa Michael Vick

Tarehe 25 Aprili 2007 polisi walivamia nyumba moja kwenye Barabara ya Moonlight, wilaya ya Surry, jimbo la Virginia, Marekani. Walikuwa wakifuatilia dawa za kulevya. Nyuma ya nyumba, chini ya miti, wakakuta mabanda yaliyopakwa rangi nyeusi na mbwa zaidi ya 60, wengi wao pitbull, aina iliyotokana na mbwa wa kupiganishwa. Baadhi walikuwa kwenye vizimba. Wengine walifungwa minyororo mizito kwenye ekseli za magari zilizofukiwa ardhini, ili mbwa azunguke bila mnyororo kujisokota, na kila mnyororo ulipimwa hivi kwamba mbwa wawili jirani waonane mchana kutwa bila kufikiana. Ndani ya mabanda kulikuwa na mashine za kukimbizia mbwa, mizani, vijiti vya kubandulia taya zilizong'ang'ania, zulia lenye damu, na kifaa cha kumfungia jike asiyetaka kupandwa ili dume limpande bila kung'atwa.

Mwenye nyumba alikuwa Michael Vick, nyota wa timu ya Atlanta Falcons na mmoja wa wachezaji waliokuwa wakilipwa vizuri kuliko wote katika futiboli ya Kimarekani. Mwanzo alikana kuhusika na kupiganisha mbwa. Agosti mwaka huohuo akakiri mahakamani, pamoja na kukubali kwamba alihusika katika kuwaua mbwa sita hadi wanane walioonekana hawana moyo wa kupigana, baadhi kwa kunyongwa, wengine kwa kuzamishwa majini. Tarehe 10 Desemba 2007 akahukumiwa kifungo cha miezi 23. Ya Vick naishia hapo, yameandikwa vya kutosha. Ninaotaka kuwachambua ni mbwa.

Ubishi juu ya mbwa mkali huwa na kambi mbili. Moja husema mwana wa nyoka ni nyoka: mbwa aliyezaliwa kwenye ukoo wa ugomvi atakuwa mgomvi tu, hata umlaze kwenye godoro. Nyingine husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo: hakuna mbwa mbaya, kuna mwenye mbwa mbaya. Lugha yetu imetupa methali zote mbili na kutuacha tugombane.

Uwanja ule wa Surry ni mahali pa nadra ambapo kambi zote mbili zilipaswa kutabiri jambo lilelile. Kwa mbegu, hawa walikuwa wa ukoo uliochaguliwa kwa ajili ya ulingo, na waliopandishwa walipandishwa kwa sababu hiyo. Kwa malezi, sijui kama mtu anaweza kubuni malezi mabaya zaidi: mnyororo, upweke, kupigwa, kujaribiwa kwa mapigano ya damu, kushuhudia wenzako wakiuawa. Ukiamini mbegu, mbwa hawa ni hatari. Ukiamini malezi, mbwa hawa ni hatari zaidi. Kwa hiyo walipochunguzwa mmoja mmoja na majibu yakaja tofauti na utabiri, aliyepaswa kukuna kichwa si mtu wa kambi ya mbegu peke yake. Hili ndilo linalosahaulika kila kisa hiki kinaposimuliwa, na hasa wanalisahau wanaopenda kukisimulia.

Hadi wakati huo desturi ilikuwa rahisi. Mbwa waliokamatwa kwenye kesi ya kupiganisha mbwa walihifadhiwa kama ushahidi, na kesi ikiisha wanachomwa sindano ya kufa. Hata mashirika makubwa ya kutetea wanyama, PETA na Humane Society of the United States, yalishauri hivyo kwa mbwa wa Vick. Rahisi kuwacheka leo, lakini hoja zao zilikuwa na uzito. Vituo vya mbwa nchini kote vilikuwa vikiua mbwa wapole kwa kukosa nafasi tu, basi kwa nini fedha na muda vimwagwe kwa mbwa wa ulingo? Na akitoka mmoja tu, akamrarua mtoto, nani angebeba lawama?

Kilichobadilisha mambo ni fedha pamoja na umaarufu wa mtuhumiwa. Mahakama ilimwamuru Vick alipe takriban dola 928,000 za matunzo ya mbwa. Serikali ya shirikisho ikaomba ASPCA, shirika la New York la kuzuia ukatili kwa wanyama, lilete wataalamu wa tabia wawapime mbwa mmoja mmoja. Kazi hiyo, Septemba 2007, iliongozwa na Stephen Zawistowski, na mahakama ikamteua Rebecca Huss, profesa wa sheria, awe msimamizi wa kuamua kila mbwa aende wapi. Nadhani ni mara chache mbwa wa kesi kama hii wamepata mtu wa kuwasemea mahakamani.

Kipimo chenyewe hakikuwa cha ajabu. Mtu asiyemjua mbwa anaingia, anamwita, anamgusa, anacheza naye. Bakuli la chakula linaletwa, kisha mkono wa bandia unaingizwa humo mbwa akiwa anakula. Mwanasesere wa ukubwa wa mtoto mdogo anasogezwa. Anasogezwa mbwa wa bandia, halafu mbwa wa kweli. Wapimaji wanaandika: mkia uko wapi, mwili umekakamaa au umelegea, anasogea au anarudi nyuma, ananguruma, anarusha meno.

Walipimwa 49. Aliyeshauriwa auawe kwa sababu ya ukali alikuwa mmoja tu, jike lililokuwa limezalishwa mara nyingi kupita kiasi na ambalo hakuna aliyeweza kulisogelea. Mwingine aliuawa kwa sababu ya ugonjwa. Waliobaki 47 waligawiwa mashirika ya uokoaji: 22, wengi wao wakiwa wale wagumu, wakaenda kwenye hifadhi ya Best Friends huko Kanab, Utah, 10 wakachukuliwa na BAD RAP, kikundi cha California, wengine wakatawanywa kwa vikundi vidogo.

Ukisoma tu namba hizo unaweza kurukia hitimisho kwamba "walikuwa wapole". Hapana. Neno linalojirudia kwenye maelezo ya waliowapokea ni woga. Wengi walikuwa wakijibandika sakafuni mtu akiingia, tumbo na kidevu chini, miguu imetawanyika kama mkeka uliotandikwa, wakisubiri yatakayotokea. Hawakung'ata, hawakukimbia, hawakucheza. Walikuwa hawajawahi kupanda ngazi, hawajui kioo ni nini, hawajawahi kutembezwa kwa kamba. Hao ndio waliotazamiwa kuwa majini ya damu.

Kwa mtu anayewajua mbwa hilo si faraja kamili. Mbwa mwoga anayeganda leo anaweza kung'ata kesho, akishajifunza kwamba kuganda hakumsaidii. Kitabibu, woga na ukali ni majirani wanaogawana ukuta. Utafiti wa Finland uliochapishwa 2021, uliohusu mbwa wapatao 9,000 waliofugwa majumbani, ulikuta kwamba mbwa wenye woga mkubwa walikuwa na uwezekano mara tano hivi zaidi wa kuwanguruma na kuwang'ata watu kuliko wasio na woga. Humo humo, waliotajwa kwa ukali zaidi walikuwa Rough Collie na pudo (poodle) wadogo, na waliotajwa kwa ukali kidogo walikuwa Labrador na Golden Retriever. Sikuleta pudo ili kuwaponza wenye pudo. Nataka tu ionekane kwamba swali "je, anang'ata?" na swali "je, aking'ata anaweza kuua?" ni maswali mawili, na ugomvi mwingi wa mbegu huzaliwa hapo yanapochanganywa. Pudo aking'ata utapaka dawa. Mbwa mwenye kilo 30 na taya za teria akishika haachii. Ukubwa na namna ya kuuma vinatokana na mbegu kwa kiasi kikubwa, na anayekana hilo anajidanganya.

Turudi Kanab, kwa mbwa wawili.

Lucas alikuwa ndiye bingwa. Makovu usoni yalieleza historia yake bila msimulizi. Kama mbegu na malezi vingekuwa sheria, basi huyu ndiye angekuwa mfano wake. Kwa watu alikuwa mchangamfu tangu siku ya kwanza, anatafuta kukunwa, anaegemea miguu ya wageni. Hata hivyo mahakama iliamuru asitoke kwenye hifadhi ile maisha yake yote, na akafia hapo mwaka 2013. Thamani yake kwa watu wa ulingo ilikuwa sababu tosha ya kutomwachia mlango.

Meryl alikuwa kinyume chake. Hakuwa na sifa ya ubingwa, lakini watu asiowajua aliwatishia kwa dhati. Naye mahakama ilimfunga maisha hifadhini. Pamoja na wahudumu wake wachache aliowazoea alikuwa mpenzi. Mgeni akitokea, anageuka mbwa mwingine. Uwanja ni uleule, mtesaji ni yuleyule, mbegu ni ileile, pengine hata damu moja, maana mbwa kadhaa pale walikuwa ndugu. Lucas akatoka hivi, Meryl akatoka vile.

Umdhaniaye ndiye siye. Na hapa ndipo msimamo wangu ulipo: kisa cha Surry hakikuipa ushindi kambi ya malezi. Kiliivunja kambi ya malezi kwa nguvu kuliko kilivyoivunja kambi ya mbegu. Kama ukali hutengenezwa na mwenye mbwa, Vick na wenzake walikuwa na kila nyenzo na miaka sita ya kuutengeneza, na kwa watu wakapata mmoja asiyegusika, wachache wa kuangaliwa kwa makini, na kundi kubwa la mbwa wanaotetemeka. Anayelibeba bango la "si mbegu, ni mwenye mbwa" huku akionyesha picha ya mbwa wa Vick anajipinga bila kujua.

Vilevile kambi ya mbegu isije ikapumua haraka. Lazima tujue mbegu ya hawa mbwa ilichaguliwa kwa kitu gani. Uingereza ilipopiga marufuku mchezo wa kumshambulisha fahali kwa mbwa mwaka 1835, wacheza kamari walihamia kwenye kupiganisha mbwa kwa mbwa, kazi inayofichika kirahisi kwenye chumba cha nyuma. Walichanganya damu ya buldogi na ya teria, wakatafuta kitu kimoja: mbwa asiyeacha. Awe ameumia, awe amezidiwa, aendelee. Lakini ndani ya ulingo huohuo kulikuwa na watu, washikaji na mwamuzi, wanaotia mikono katikati ya vinywa viwili. Mbwa anayemgeukia mshikaji ni hasara. Wapenzi wa pitbull husema kila aliyeng'ata mtu aliuawa, ndiyo maana mbegu ikasafishwa. Hapo naona chumvi imezidi. Mzalishaji mwenye dume linaloshinda na kumwingizia fedha ana kila sababu ya kulipandisha hata kama lilimng'ata mtu juzi. Hata hivyo mwelekeo wa uchaguzi ulikuwa kwa mbwa, si kwa watu, na kwa tabia ya mbwa hiyo ni tofauti kubwa. Ukali kwa mbwa wengine, ukali kwa wageni, ukali kwa watu wa nyumbani, ukali wa kulinda bakuli: hivi havitoki kwenye chungu kimoja. Mbwa anaweza kujaa kimoja na kukosa vingine vyote.

Na kweli, kwa mbwa wenzao mbwa wa Surry hawakuwa malaika. Baadhi waliishi na mbwa wengine, hata na paka, bila shida. Baadhi hawakuweza kuachwa na mbwa mwingine hata dakika moja, wakafugwa peke yao au na mwenza mmoja aliyechaguliwa kwa uangalifu. Picha za mbwa aliyelala na watoto zilisambaa sana, za mageti mawili mawili na ratiba za kutoa mbwa kwa zamu hazikusambaa.

Kwamba kupigana na mbwa wenzao huweza kuwa na mzizi kwenye mbegu, tuliambiwa zamani. John Paul Scott na John Fuller, kwenye maabara ya Bar Harbor, Maine, walilea aina tano za mbwa katika mazingira yaleyale kabisa kwa zaidi ya miaka kumi. Watoto wa fox terrier waliwashinda: wakiwekwa zaidi ya watatu pamoja, wengine huungana na kumwandama mmoja mpaka wamtenganishe. Cocker Spaniel waliolelewa banda lilelile hawakufanya hivyo. Malezi sawa, matokeo tofauti. Watafiti haohao ndio waliotupa na upande wa pili: kuna dirisha kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili hivi za maisha ya mbwa ambapo akikutana na watu atawaona ni sehemu ya dunia yake, na asipokutana nao atawaogopa, pengine hadi kufa. Matokeo yao yaliipa kila kambi sehemu yake ya ukweli, miaka arobaini na zaidi kabla ya msako wa Surry.

Tangu hapo hesabu imekuwa bora. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha kazi iliyokusanya majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000 na vinasaba vya mbwa zaidi ya 2,000. Kwa wastani, kujua aina ya mbwa kulieleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti ya tabia kati ya mbwa na mbwa. Utiifu kwa maelekezo ya mtu ulifuata mbegu kidogo zaidi. Wepesi wa kuchokozeka ndio uliokuwa miongoni mwa mambo ambayo aina ya mbwa haikuweza kuyatabiri karibu kabisa. Kuna wanaosoma hiyo asilimia 9 kana kwamba inayobaki, 91, ni ya mwenye mbwa. Sivyo. Ndani ya aina moja vinasaba navyo vinatofautiana, ndugu wa tumbo moja hawafanani, na tumbo lenyewe, maradhi, maumivu ya nyonga, ajali moja ya utotoni, vyote vimo humo. Mtu aliyelea watoto wawili kwa mkono mmoja hahitaji jarida la Science kumweleza hili.

Sasa mwenye mbwa ana kazi gani, kama hawezi kutengeneza ukali atakavyo? Ana kazi kubwa, ila si ile tunayomtwika. Gary Patronek na wenzake walichambua vifo 256 vilivyotokana na mbwa Marekani kati ya 2000 na 2009. Kwenye asilimia 87 hapakuwa na mtu mwenye nguvu wa kuingilia kati. Kwenye asilimia 85 aliyekufa hakuwa na mazoea na mbwa. Asilimia 84 ya visa vilihusu mbwa wasiohasiwa. Kwenye asilimia 76 mbwa walifugwa mbali na maisha ya watu, uani au kwenye mnyororo, si kama mbwa wa familia. Unyanyasaji au kutelekezwa waziwazi kulionekana kwenye asilimia 21 pekee. Na kwenye visa vinne kati ya vitano, mambo manne au zaidi ya namna hii yalikutana mahali pamoja. Aina ya mbwa iliweza kuthibitishwa kwa uhakika kwenye asilimia 18 hivi tu.

Tazama hiyo orodha kwa jicho la Surry. Mnyororo upo, kutohasiwa kupo, kutengwa kupo, ukatili umejaa. Kilichokosekana ni mtu dhaifu kuingia peke yake kwenye eneo la minyororo. Mbwa wale hawakuua mtu, na sehemu ya sababu, nashawishika, ni kwamba uwanja ulikuwa wa siri na hakuna mtoto wa jirani aliyekatiza kufuata mpira. Bahati hiyo haihesabiwi popote. Mwenye mbwa hafinyangi roho ya mbwa kama udongo, ila ndiye anayeamua mnyama gani akutane na nani, lini, nani akiwa karibu.

Kuna jambo jingine ambalo mwenye mbwa hufanya kwa mikono yake, nalo ni kumfunza mbwa kunyamaza. Tunasema mbwa anayebweka haumi, na kwenye mbwa methali hii imewagharimu watu ngozi. Kunguruma ni onyo. Mbwa anayepigwa kila akinguruma huacha kunguruma, haachi kuogopa, na siku moja "anang'ata bila dalili". Mwaka 2009 Meghan Herron na wenzake waliwauliza wenye mbwa 140 waliokuja kliniki ya tabia mbwa wao waliitikiaje kila mbinu. Waliowahi kumpiga au kumpiga teke mbwa, asilimia 43 walisema mbwa aliwajibu kwa ukali. Hii ni kweli kwa pitbull, ni kweli kwa Chihuahua.

Naomba niseme pia mambo ambayo kisa hiki hakiwezi kuyathibitisha, maana uchambuzi usio na hayo ni tangazo. Mbwa 49 si pitbull wote. Hawa ni waliobaki: Vick na wenzake waliwaua wasiotaka kupigana, na waliokufa ulingoni hawakupimwa na mtu. Kwa hiyo sampuli imechujwa, na kwa kadiri ilivyochujwa ilipaswa kuegemea kwa wapiganaji. Pili, dola 928,000 kwa mbwa wasiofika 50 ni matunzo ambayo mbwa wa kawaida hayaoti. Kanab mwanzoni walikuwa na mhudumu usiku na mchana, na mahakama ilidai mbwa afaulu mtihani rasmi wa tabia kabla ya kupewa familia. Anayesema "tazama, hata mbwa wa ulingo wanabadilika" amesahau kutaja bili. Tatu, kubadilika kwenyewe kulikuwa na mpaka. Wapo waliokuwa mbwa wa tiba, wanaoingia hospitali kukaa na wagonjwa, kama Leo. Yupo Hector, mwenye makovu mazito kifuani, aliyeishia kutembelea watu kwa kazi hiyohiyo. Na wapo ambao miaka mingi baadaye bado walitetemeka mlango ukifungwa kwa kishindo. Upendo ulikuwepo kwa wote. Haukutosha kwa wote.

Kilichobadilika baada ya Surry ni utaratibu, na hakikubadilika mara moja. Februari 2009, wilaya ya Wilkes, North Carolina, mbwa zaidi ya 100 waliokamatwa kwa mzalishaji wa mbwa wa ulingo waliuawa wote bila kupimwa, wakiwemo watoto wa mbwa, baadhi waliozaliwa baada ya msako. Kwa waliofikia kuua watoto waliozaliwa mikononi mwao, hoja ilikuwa mbegu tupu. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa hivi kwamba miezi miwili baadaye Humane Society of the United States ilibadili msimamo: mbwa wa kesi za ulingo wapimwe mmoja mmoja.

Sheria za nchi nyingi bado zinakwenda na jina. Uingereza ilipiga marufuku aina nne mwaka 1991, pitbull akiwemo, na mwisho wa 2023 ikaongeza XL Bully, aina kubwa ya mbwa yenye damu ya pitbull. Uholanzi ilikuwa na marufuku ya pitbull tangu 1993, ikatangaza kuiondoa 2008 kwa kuwa watu hawakuacha kung'atwa. Ugumu wa jina ni kwamba macho hudanganya. Uingereza yenyewe humhesabu mbwa kwa vipimo vya umbo, si kwa wazazi wake. Na kwenye utafiti mmoja wa Florida, wafanyakazi 16 wa vituo vya mbwa walitazama mbwa 120. Nusu yao hivi waliitwa pitbull na angalau mtazamaji mmoja, ilhali DNA ilithibitisha damu hiyo kwa 25 tu. Hao ni watu wanaoshika mbwa kila siku. Mwandishi wa habari anayefika dakika kumi baada ya ajali ataona nini?

Simwonei haya mtu anayeogopa pitbull. Mimi mwenyewe nikikutana na dume lenye kifua cha pipa lisilo na kamba, navuka barabara, na sitaulizia kwanza malezi yake. Hofu ya dakika ile ni ya haki, kwa sababu sina taarifa nyingine. Lakini mtu aliyepewa muda, bakuli, mwanasesere na daftari hana kisingizio cha kubaki na taarifa yangu ya barabarani. Anaweza kuuliza: huyu mbwa anaogopa nini? Alikutana na watu wangapi kabla ya wiki ya kumi na mbili? Ameshang'ata, na aling'ata akaachia au alishikilia? Anaumwa? Anabadilika akiona mbwa, au akiona mtoto, au akiona mkono karibu na chakula? Nani anamshika, na ana nguvu za kumzuia?

Wa mwisho kufa kati ya mbwa wa Barabara ya Moonlight anayejulikana ni Frodo, aliyefariki Desemba 2021 akiwa na miaka kama 15. Siku ya msako alikuwa bado mtoto wa mbwa; ulingo hakuufikia. Miezi ya umri wake wa kuzoea dunia aliipitisha peke yake ndani ya kizimba cha kituo cha serikali, akiwa ushahidi, kwenye kesi ya kumlinda. Alipewa nyumba nzuri California, akapendwa, na hakumdhuru mtu. Woga ulimfuata mpaka uzeeni.